Bi Mkato Alikimbia Huku Akisema

Miaka tisa mtu anaitwa mwizi na hajaiba hata pini. Lifikirieni hilo kwanza, kabla hamjasema huyu mama alikuwa na kisirani.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, zuri tu, la bibi yake mzaa baba, lakini mtaani lilishakufa na kuzikwa. Alikuwa Bi Mkato. Akienda dukani: "Bi Mkato, karibu." Akipita kwenye bomba la maji: "Leo Bi Mkato kapitia wapi?" Na kicheko juu. Hata wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akikaa naye nyumba moja, mlango unatazama mlango, naye alimwita hivyo akikasirika, na hasira za wifi zilikuwa hazina likizo.

Aliyempa jina hilo ni mtu mmoja tu, Kocha wa klabu ya mbio. Mwanamume mfupi, kifua mbele, filimbi shingoni asubuhi hadi jioni, hata msibani alikwenda nayo. Na habari yenyewe ni hii, inasemwa mara moja tu kwa sababu ukiirudia inapandisha presha.

Ilikuwa siku ya marathoni, kilomita arobaini na mbili na kipande. Mnatoka uwanja wa mpira, mnafuata barabara ya bomba mpaka kiwanda cha matofali, mnazunguka pipa, mnarudi mlikotoka. Hazikuwa mbio za wenye nazo, wanaofungwa vidude vya kuhesabu kwenye viatu. Pale kwenye pipa kunawekwa kiti, kitini anakaa mtu na tepe nyekundu, kila anayezunguka anafungwa utepe mkononi. Huna utepe, hukufika. Sheria yenyewe haikuwa mbaya. Mbaya alikuwa aliyekalia kiti.

Maana mwaka ule aliyekalia kiti alikuwa Kocha mwenyewe. Wanawake wa klabu yake walikuwa saba. Sita walipita, akawafunga. Wa saba, huyu mama, Kocha alishamhesabu kuwa kaanguka huko nyuma, ataletwa na mkokoteni. Akanyanyuka, akaacha kofia juu ya kiti, akaingia kwa walinzi wa kiwanda kunywa chai. Mama akafika. Kiti hakina mtu. Kofia inamtazama, na vikombe vinagongana huko kwa walinzi. Akaita, "Kocha! Kocha we!" Hakuna aliyetoka. Sasa mtu yuko katikati ya mbio, asimame asubiri watu wamalize vikombe? Akazunguka pipa, akarudi. Na katika kurudi ndipo akawakuta wale sita, mmoja mmoja, mmoja kashika nguzo anatapika, mwingine anatembea analia. Akawapita wote. Akaingia uwanjani kwa masaa matatu na dakika hamsini na moja, akavishwa medali.

Medali ile aliivaa kwa muda wa kuchemsha maji tu. Kocha akaja mbio.

"Utepe wako uko wapi?"

"Kiti kilikuwa kitupu, Kocha."

"Kitupu? Mimi nimekaa pale mpaka makalio yamekufa ganzi! Jamani, mtu anafanya mazoezi kama anayekwenda kumjulia hali mgonjwa, leo awapite wanawake wangu? Huyu kakata njia!"

Akamvua medali kwa mikono yake. Ikanasa kwenye kilemba. Akaivuta, na kilemba kikatoka, mama akabaki kichwa wazi mbele ya watu mia mbili. Kuvuliwa medali angeweza kusahau. Kule kuvuliwa kilemba ndiko alikoondoka nako.

Sasa mtauliza: kwa nini alifanya mazoezi kama anayekwenda kumjulia hali mgonjwa? Hapo ndipo Kocha alipokosea, na ni kosa la watu wa mbio peke yao, wengine wote wenye akili hawalifanyi.

Klabu ile ilikuwa na desturi. Kila Jumamosi wanapandishwa kilima cha tangi la maji, mbio kali, wanashuka, wanapanda, na hakuna ruhusa ya kwenda nyumbani mpaka mtu mmoja atapike. Kocha anazunguka na filimbi yake akiuliza, "Leo ni nani?" kama vile anatoa zawadi. Akitapika mtu, wanapiga makofi, wanatawanyika. Huyu mama alitapikia klabu Jumamosi tisa. Alichopata ni kukonda na kulala kazini.

Na kazi yake haikuwa ya kulalia. Alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine nne, moja mbovu siku zote, na roli kubwa la pasi linaloendeshwa na mvuke: wawili wanaingiza shuka upande huu, wawili wanalipokea upande ule limenyooka na linaunguza vidole. Ukisinzia, roli linachukua shuka na mkono wako. Siku moja alisinzia. Aliyemvuta ni fundi wa boila, mzee mwenye sikio moja zima, lile jingine lilikwishaliwa na kelele za mvuke.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi, fundi. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kufa?"

Akampeleka nyuma kwenye boila, akamwonyesha geji, kile kipimo cha mvuke. Mshale wake ulikuwa umetulia karibu na mstari mwekundu, umebakiza upana wa kidole kuufikia.

"Unaona hapo? Boila hili lina miaka ishirini na tano. Kazi haijaliharibu. Mshale ukikaa hapo chini ya wekundu, linapika mvuke tangu asubuhi mpaka zamu iishe, na kesho tena, na keshokutwa. Ukivusha kidogo tu kwa kujionyesha, vali inafunguka, mvuke wote unapaa juu ya paa, na wagonjwa wanalalia mashuka mabichi. Huyo mwalimu wako anawaendesha juu ya wekundu kila wiki. Mvuke mnaupata saa ngapi?"

Mama akaenda na maneno hayo. Tatizo likawa moja: mtu hana geji. Akaitafuta, akaipata mdomoni. Akagundua kwamba akikimbia polepole anaweza kupiga domo mpaka kesho. Akikimbia kwa nguvu hawezi kusema hata jina lake. Na pale katikati kuna mahali pamoja pembamba, anaweza kusema sentensi moja ndefu mpaka mwisho, lakini asiombwe ya pili. Hapo ndipo upana wa kidole chini ya wekundu.

Akaacha Jumamosi za kutapika, akajipangia zake alfajiri kabla ya zamu. Jumanne, dakika sita mara tano, katikati anatembea dakika moja tu. Alhamisi, dakika tatu mara kumi. Jumamosi, dakika kumi mara tatu. Siku nyingine anajikokota taratibu mpaka kuku hawaoni haja ya kumpisha. Na kila siku anaacha akiwa bado ana hamu ya moja zaidi. Hiyo moja zaidi ndiyo iliyowamaliza wenzake. Miezi minne hivyo, halafu marathoni, halafu kiti kitupu.

Kabla ya ule mkasa, sentensi yake ya kujipimia ilikuwa hesabu ya kazini: mashuka ishirini, foronya arobaini, mapazia sita. Baada ya mkasa akaibadilisha. Ikawa hivi: "Kocha, wewe ulikuwa unakunywa chai, na mimi nilipita, na kiti chako kilikuwa kitupu kama kichwa chako." Ikifika mwisho bila kukatika, mwendo uko sawasawa. Ikikatikia kwenye "kiti", amevusha, apunguze. Ikiisha na bado ana pumzi ya kuongeza tusi, anazembea, akaze kidogo. Miaka tisa alikimbia na sentensi hiyo. Wauza maziwa wa alfajiri walikuwa wanaijua.

Mashindanoni hakurudi. Mumewe aliugua, akamuuguza, akamzika. Na Kocha akapanda cheo, akawa mwenyekiti wa mbio zenyewe, daftari la majina anashika yeye. Angeendelea hivyohivyo, anamtukana mtu alfajiri na kupiga pasi mashuka mchana, kama si mjukuu wake wa kike kurudi kutoka shule na daftari. Walikuwa wameambiwa waandike kuhusu watu wa nyumbani. Mtoto kaandika kwa mwandiko wa duara, mzuri kabisa: "Bibi yangu anaitwa Bi Mkato. Anafanya kazi hospitali." Mwalimu kaweka alama ya vema.

Mama akalisoma daftari lile herufi moja moja, maana shule hakukaa sana. Akalifunga. Akamwambia wifi yake, "Mwaka huu nakimbia."

"Miaka hamsini na sita, unatafuta aibu ya pili?" wifi akasema. "Ya kwanza haijachakaa."

"Wewe wifi, ulishawahi kuniuliza hata mara moja kama kweli nilikata?"

Wifi akajifanya anatafuta kifuniko cha sufuria.

Meza ya kujiandikisha iliwekwa uwanjani chini ya turubai, foleni ya watu kama arobaini. Kocha kakaa nyuma ya daftari, miwani puani, filimbi kifuani.

"Aa, Bi Mkato! Umekuja kutazama?"

"Nimekuja kuandikwa."

"Matembezi ya kilomita tano ni meza ile pale. Kuna na fulana."

"Marathoni."

Kocha akavua miwani. "Mama, una miaka mingapi sasa?"

"Hamsini na sita. Wewe una sitini na mbili, mbona hakuna anayekuandika matembezi?"

Foleni ikaguna. Kocha akakohoa, akafungua kurasa za nyuma. "Wewe una doa humu. Doa halifutiki kwa domo. Nikikuandika, watu watasema mbio zangu zinapokea wakata njia."

"Basi niwekee mlinzi."

"Mlinzi gani atakufuata kilomita zote hizo?"

"Wewe. Baiskeli unayo. Nifuate toka mwanzo mpaka mwisho, usiniondolee jicho hata mvua ya mawe ikikupiga. Nikikata hata hatua moja, nitashika kipaza sauti niseme mimi ni mwizi, na jina lako ulilonipa nizikwe nalo. Nisipokata, utakishika wewe, useme kilichotokea siku ile."

"Kilichotokea siku ile kinajulikana."

"Kinajulikana na watu wawili, Kocha. Wote wapo kwenye meza hii."

Hakuna aliyecheka. Kocha akawatazama wale arobaini, nao wakamtazama, na mtu aliyezoea kutembea kifua mbele hajui njia ya kurudi nyuma.

"Sawa!" akasema. "Lakini si kufika tu, hata konokono anafika. Siku ile ulijidai masaa matatu na hamsini na moja. Ulete hayohayo. Ukizidisha hata dakika moja, ina maana siku ile pia hukuweza."

"Au nipunguze."

"Upunguze!" Akacheka peke yake. "Kilomita ya thelathini utakaa chini mwenyewe nikuletee maji. Sema jina lako."

Akalisema, lile la bibi yake. Kocha akauliza linaandikwaje.

Ikabaki miezi mitano. Jumanne dakika sita mara tano. Alhamisi dakika tatu mara kumi. Jumamosi dakika kumi mara tatu, barabara ya bomba, akihesabu nguzo za umeme. Na ni kazi ya kuchosha roho, msidhani. Kukimbia mpaka ufe ni rahisi, mpumbavu yeyote anaweza. Kujizuia ukiwa na nguvu, wenzako wakikupita wakikucheka, hapo ndipo panapotaka mtu.

Naye siku moja hapo pakamshinda. Ilikuwa Jumamosi, kilimani kwa tangi, yuko katikati ya dakika kumi za pili, sentensi inatoka vizuri. Wanawake wa klabu wakamfikia na fulana zao za njano, Kocha nyuma yao na baiskeli.

"Bi Mkato, tukuitie toroli ya hospitali?"

"Mwacheni mama, anatafuta kichochoro!"

Filimbi ikalia. Na damu ya mama ikachemka, akasahau fundi, akasahau geji, akawafuata. Akampita mmoja. Akawapita wawili. Akafika tangini mbele yao wote kwa nguzo mbili, akainua mikono juu, akainama, akatapika.

Kocha akashuka kwenye baiskeli akapiga makofi. "Haya sasa! Hayo ndiyo mazoezi! Umeona kumbe unaweza?"

Makofi yale yalimchoma kuliko matusi yote ya miaka tisa. Alikuwa amemfanyia Kocha Jumamosi yake.

Malipo yakaja Jumatatu. Miguu ikawa magogo. Alhamisi akajaribu, sentensi ikakatikia kwenye "chai", na alikuwa anajikokota tu. Usingizi ukakimbia, hamu ya chakula ikakimbia, roli la pasi likawa linampita. Fundi wa boila akamwita nyuma, akanyoosha kidole kwenye geji bila kusema, kisha akauliza:

"Nani kavusha?"

"Mimi."

"Kwa ajili ya nani?"

Mama akatazama sakafu.

"Dada, huyo mtu alikuvua kilemba mbele za watu, na sasa umempa na mshale wako aushike. Kitu gani tena unataka akuvue?"

Yalikuwa makali, na yalimfaa. Akapumzika siku kumi na moja, anatembea tu. Akaanza upya na dakika tatu. Jumamosi zilizofuata wale wa njano walipita wakimwimbia, akawapungia mkono kama mtu anayeaga wasafiri, akaendelea na sentensi yake. Usiku huohuo wa mazoezi analala kama mtoto. Kufikia mwezi wa tano, mahali palepale pa sentensi moja, miguu ilikuwa inakwenda nguzo nne zaidi katika dakika kumi. Hakumwambia mtu. Fundi tu, naye akasema, "Hm," akaenda kufungua maji.

Siku ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi, watu mia tatu uwanjani wanarukaruka kama wanaoungua miguu. Wifi alikuja, kavaa vizuri, kasema wazi amekuja kuchukua maiti. Kocha kapanda baiskeli yake, ile ya chuma, nzito, yenye kiti kigumu. Mtu akampa mto mdogo wa kukalia. Akaukataa. "Mimi si mgonjwa."

Bunduki ikalia, watu wakatimka. Kilomita ya kwanza wote walimpita huyu mama, hata mwanamume mmoja aliyevaa viatu vya ofisini.

"Unaona sasa?" Kocha akasema juu ya baiskeli.

"Kocha, unanisikia vizuri hapo ulipo?"

"Nakusikia."

"Vizuri. Tuna asubuhi nzima."

Akaanza kusema. Alikuwa na miaka tisa ya maneno, na pumzi ya kuyasema, kwa sababu hiyo ndiyo pumzi aliyoipikia. Sentensi moja, pumzi. Sentensi moja, pumzi. Akamwambia kuhusu bomba la maji na vicheko vyake. Akamwambia kuhusu dukani. Akamwambia jinsi pini ya kilemba ilivyomkwaruza sikio siku ile na alama ipo, atazame mwenyewe. Kocha akajaribu kubaki nyuma, mama akageuka, "Mlinzi, njoo karibu, nitakata njia mimi!" Akajaribu kutangulia, "Mlinzi, nyuma yako huna macho!" Ikabidi atambae naye ubavuni, mwendo wa baiskeli usio baiskeli, polepole, usukani unayumba, jua linapanda.

Kwenye kilomita ya kumi na saba mama akasema, "Mume wangu aliniuliza akiwa kitandani."

Kocha akanyoosha usukani uliokuwa unayumba.

"Akaniuliza, mke wangu, kweli hukukata? Nikamwambia sikukata. Akasema, sawa. Lakini ile sawa ilikuwa ya mtu aliyechoka, Kocha. Haikuwa ya mtu aliyeamini. Kaenda nayo."

Nguzo saba za umeme zilipita. Kocha alikuwa anatazama gurudumu lake la mbele.

Pipani kiti kilikuwa na mtu, mwanamke mnene mwenye tepe zake, akamfunga mama mkononi bila yeye kusimama. Mlangoni mwa kiwanda walinzi wakapiga kelele, "Kocha! Njoo, chai tayari!"

"Nenda," mama akasema. "Pumzika. Leo sikuzuii."

Kocha akameza mate, akageuza baiskeli.

Kuanzia kilomita ya ishirini na saba barabara ikaanza kuwarudisha watu. Mwenye viatu vya ofisini alikuwa kakaa kwenye jiwe, kavivua. Fulana ya njano ya kwanza ilikuwa inatembea. Ya pili ilikuwa imeshika nguzo. Na ukocha ni ugonjwa, jamani, maana Kocha alisahau kabisa yuko upande gani, akaanza kupayuka:

"Ongeza, mama! Yule pale kaisha, mmalize! Ongeza!"

"Kocha, nikiongeza sasa atakayefurahi ni nani?" Akaitoa ile sentensi yake ya alfajiri, yote, chai, kiti na kichwa. Ikafika mwisho. "Umesikia? Haijakatika. Bado."

Ilikuwa mara ya kwanza Kocha kuisikia. Akaitafakari mpaka kilomita ya thelathini, na pale kwenye thelathini mama hakukaa chini. Aliyekuwa hawezi kukaa ni Kocha. Kile kiti kigumu kilikuwa kimemla, alikuwa anaendesha kasimama, mara kaegemea huku, mara kule, jasho linadondoka kwenye filimbi.

"Pole," mama akasema. "Kinaumiza, eh? Bora kile cha kiwandani, kinakalika hata bila mtu."

Fulana ya tatu, ya nne. Kilomita ya thelathini na sita, chini ya kile kilima cha tangi, mama akasema, "Kocha."

"Naam."

"Maneno yamekwisha."

Akafunga mdomo, na mshale ule aliouzuia miezi mitano akauachia uende kwenye wekundu. Sasa ndipo mahali pake. Mvuke wote aliouweka akiba Jumanne na Alhamisi na Jumamosi ukaingia miguuni. Akakipanda kilima kwa hatua fupi, ngumu, mikono inachapa, uso umekunjamana hata wifi yake asingemtambua. Baiskeli ikagoma kupanda. Kocha akashuka, akaisukuma, akakimbia nayo, filimbi inamgonga meno, anahema kama mwenye pumu, na jicho lake haliwezi kumwacha yule mama maana watu wa kando ya barabara walikuwa wanapiga kelele, "Kocha, mwangalie! Usimpoteze!" Habari za meza ile zilikuwa zimeenea kila mahali. Fulana ya tano mama akaipita kileleni. Ya sita, ya mwisho, akaipita kwenye geti la uwanja, na aliyeivaa alikuwa na miaka thelathini.

Masaa matatu na dakika arobaini na nne.

Kocha akafika hatua ishirini nyuma, akaiacha baiskeli ianguke yenyewe, naye akaanguka kwenye majani. Watu wakamzunguka. Mmoja akamwekea kipaza sauti mkononi, maana yeye ndiye mwenyekiti na watu walikuwa wanasubiri. Mama akaja akasimama juu yake. Chumvi imemkauka usoni, kucha moja ya mguu imekwenda, damu imetoka kwenye kiatu. Lakini kasimama.

"Umeniona?" akauliza.

"Nimekuona."

"Hatua zote?"

"Zote."

"Sema basi na ile siku."

Kocha akafungua mdomo. Na mtu kutunga uongo, jamani, kunataka pumzi: uanze, uuzungushe, uutie chumvi, uutetee. Pumzi ile Kocha hakuwa nayo. Alikuwa nayo ya maneno machache tu, akayasema alivyolala, kipaza sauti kikayapeleka uwanja mzima mpaka kwenye nyumba za jirani.

"Sikuwepo kitini. Nilikwenda kunywa chai. Huyu mama alipita. Alipita kihalali." Akahema. "Nilijua. Nilijua jioni ileile, walinzi waliniambia walimwona. Niliona aibu kusema."

Zile fulana za njano zikatazamana. Mtu mmoja huko nyuma akalitaja jina la mama, lile la kuzaliwa, akalipaza sauti, na mwingine akalidaka.

Kocha akajiinua kwa kiwiko. "Mama, naomba unisamehe."

"Nimekusikia."

"Unanisamehe?"

"Nilichofanyia mazoezi miaka tisa ni mbio, Kocha," mama akasema. "Kusamehe sijakuanza."

Akageuka, akaenda zake polepole, shingo juu, watu wakimfungulia njia, mpaka akamfikia wifi yake aliyekuwa kasimama kando ya goli na kitambaa mdomoni, machozi yanachuruzika.

"Usinililie hapa," mama akamwambia kwa sauti ya chini. "Nishike mkono, magoti yamekwisha. Na tutembee kama watu wanaozungumza, yule bado anatazama."